Vichwa vya Dagaa Ndani ya Ngata

Sisi tuliokulia Kitahana enzi zile hatukujua kama tunafanya mazoezi. Tulijua tunatumwa tu. Kisima kilikuwa bondeni, nyumba ilikuwa mlimani, na mama alikuwa na ndoo nyingi kuliko watoto. Ukirudi na maji unatumwa kuni. Ukirudi na kuni, muhogo unakusubiri kwenye kinu. Ukidhani umemaliza, unakumbuka kuwa kesho shuleni kila mtoto aende na tofali kichwani. Na jioni, badala ya kulala kama watu waliochoka, tulicheza rede na kuruka kamba mpaka vumbi likatufunika kope. Leo kijana analipa hela kwenda kunyanyua vyuma mjini, akitoka hapo anapanda bodaboda kurudi nyumbani, na gunia la mkaa anamwachia mama yake alibebe.

Chakula nacho hakikuwa na mjadala. Asubuhi uji wa ulezi, mzito, unaoshika kikombe. Mchana maharage. Jioni ugali wa muhogo na mchicha wetu wa lengalenga, au isombe, kile kisamvu cha kwetu, iliyotiwa mawese mpaka midomo yetu inang'aa. Ng'ombe wa jirani akizaa, tulipata na maziwa. Halafu kulikuwa na dagaa wa Kigoma, wazima wazima, na vichwa vyao. Hapo ndipo mama alipoweka sheria: "Kichwa hakitupwi. Aliyetupa kichwa katupa mguu wake wa uzeeni."

Mimi na kaka yangu Zabroni tulivichukia vile vichwa. Vilikuwa vichungu, halafu vinakutazama. Kwa kuwa mama alikagua sahani, tukabuni maficho yetu: ngata, ile pete ya majani makavu ya mgomba inayokaa kichwani chini ya mzigo. Tukishakula tulipenyeza vichwa katikati ya majani, tukashika ndoo, tukaondoka na heshima zetu zote. Huko njiani tulivitupa porini. Siku tulizosahau, sisimizi walitukumbusha.

Shangazi yetu mdogo alipoolewa Murungu, nami nilipewa kikapu kidogo cha unga wa ulezi nikibebe kichwani, nyuma ya wakubwa, mpaka kwa wakwe. Nilikuwa na miaka tisa na maringo ya kumzidi bibi harusi. Kwa haraka ya siku ile nikachukua ngata ya juzi. Tulipoingia uani vigelegele vikapigwa, nikapiga goti kama nilivyofundishwa, kikapu kikapokewa, na ngata ikafumuka. Vichwa vya dagaa vikamwagika mabegani, vikashuka kwenye gauni jipya, vikaishia miguuni pa baba mkwe. Kuku wa ukoo mzima wakaja mbio. Baba mkwe, mzee mpole, akaviangalia kwa muda, akauliza, "Na miili yake inakuja na kikapu kingine?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana. Mama hakucheka, wala hakunichapa. Alisema "Sawa" moja tu, na kuanzia wiki ile dagaa wetu wakaja bila vichwa. Mimi na Zabroni tulipeana mikono nyuma ya nyumba. Tulikuwa tumemshinda mama.

Sasa nina miaka hamsini na mitatu, nina duka la vitenge Kibondo mjini, na kila Jumapili baada ya ibada nacheza netiboli na wanawake wenzangu. Vijana huja kutucheka. Ukiwaambia waingie uwanjani wanasema wana bando la kumalizia.

Mwaka jana nilidaka pasi, nikateleza, mkono wa kushoto ukavunjika kwa anguko dogo ambalo utotoni ningejipangusa tu nikaendelea. Daktari alinieleza ukweli: mwanamke akifika umri wangu, mifupa huanza kupungua kimya kimya, hata awe mchezaji. Niliogopa. Nilimkumbuka jirani yetu mmoja aliyevunjika nyonga, hakuinuka tena kitandani. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa harusi ya Neema, binti wa Zabroni, iliyokuwa inakuja baada ya mavuno. Kwetu, shangazi ndiye anayetangulia kwa wakwe, kwa miguu, na kikapu kichwani. Neema kwa upendo wake akaniambia, "Shangazi, usijali. Kikapu tutakipakia kwenye boda, wewe utakishika tu kwa ajili ya picha."

Kwa ajili ya picha! Usiku ule sikula.

Nikamuuliza daktari kama nitaweza kubeba. Akasema mkono upone kwanza. Akiniruhusu, nianze taratibu: nipande kilima kila siku, nibebe mzigo mwepesi na kuuongeza kidogo kidogo, nipate jua, maziwa, maharage na mboga za majani. "Na dagaa, mama," akaongeza, "wazima wazima, na vichwa vyao." Nilimtazama vizuri nione kama hana undugu na mama yangu.

Bandeji ngumu ilipotoka na ruhusa ikaja, nikaanza kwenda Kitahana kila nilipopata nafasi. Mama sasa anakaribia miaka themanini na bado ana bustani yake ya mchicha. Aliniona napandisha kutoka kisimani na kilo tatu za maharage kichwani, akaacha kulima.

"Mwana wanje," akasema, "zamani nilikutuma ukanuna. Leo nani amekutuma?"

Nikamweleza ya daktari. Nikakiri pia kwamba tangu ile harusi ya Murungu sijawahi kula kichwa cha dagaa hata kimoja. Mama akaweka jembe chini. Alicheka mpaka ikabidi akae.

"Ego, ni kweli, hujala," akasema, akifuta machozi kwa kitenge. "Nilivitwanga. Nilivikausha juu ya jiko, nikavitwanga kwenye kinu, nikavitia kwenye maharage. Wewe na Zabroni mlikuwa mnalamba sahani."

Niliyakumbuka yale maharage. Miaka yote hii nimewasimulia watu kwamba hakuna maharage matamu kama ya mama yangu. Nikampigia Zabroni simu palepale. Akasema, "Kwa hiyo hatukushinda."

Siku ya harusi, huko Kitanga kwa wakwe, gari lilituacha barabarani, chini ya kilima. Mama mwenyewe ndiye aliyenisokotea ngata, na kabla ya kunitwisha akaipekua mara mbili. Nilikipanda kile kilima na kikapu cha ulezi kichwani, Neema nyuma yangu akihema kwenye viatu vyake virefu. Nilipopiga goti mbele ya wakwe, hakikuanguka kitu. Nililia, na sioni haya kusema.

Enzi zetu tulikuwa na wa kututuma, ila hatukuambiwa sababu. Siku hizi sababu zimejaa kwenye simu, ila wa kututuma hakuna. Natamani nisikie tena mama akiniita kutoka uani, akilivuta jina langu mpaka bondeni, nami nijifanye sijasikia.

Wiki iliyopita nilikwenda kumfulia nguo. Meno yake yamebaki manne, lakini kila nikimpikia dagaa sahani ilikuwa inarudi safi, nami nikifurahi kwamba mifupa yake inapata haki yake. Kwenye pindo la kitenge nikakuta fundo. Nikalifungua. Ndani yake mlikuwa na vichwa vya dagaa, vya siku tatu hivi. Mama alikuwa ameketi juani, akiniangalia kwa jicho la pembeni.

"Sawa," nikasema, nikaenda kutafuta kinu.