Paa la Ghala la Baruti

Ghala la zamani la silaha, pembeni mwa mtaa wetu wa Buyenzi, lilikuwa jengo baya kuliko yote Bujumbura, nami nililipenda kuliko yote. Wajerumani walilijenga, Wabelgiji wakalirithi, jeshi likalihama, popo wakabaki. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba mtu aliyesimama mlangoni alikuwa hajaingia wala hayuko nje. Matundu ya hewa yalipindapinda ndani ya ukuta ili cheche isipate njia. Sakafu ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya ardhi ili baruti isishike unyevu, na misumari yake ilikuwa ya shaba, maana chuma kikigongwa hutoa moto. Nilikuwa nasoma ujenzi, msichana pekee darasani, na mambo haya niliwaeleza hata watu wasioniuliza.

Vita vilipotukaribia na risasi na mabomu yakaanza kulia kutoka milimani alasiri baada ya alasiri, mtaa wetu ulianza kukimbilia mle. Mama yangu, mjane mwenye kiduka cha vitambaa, ndiye aliyeufungua ule mlango mzito, kisha akapita nyumba kwa nyumba akiwaita majirani. Ikawa desturi: ukisikia mlio wa kwanza unaipua sufuria yako, imeiva haijaiva, unakwenda nayo, na mle ndani kila mtu anakula cha mwenzake. Nimekula maharage magumu kama kokoto mle, na sijapata kula tena kwa raha ile. Nje watu walianza kuulizana kabila kabla ya salamu. Sisi tuliulizana nani ana chumvi.

Jirani yangu wa mkekani alikuwa mke wa karani wa serikali, Mkristo, aliyekimbia mtaa wa Ngagara kwa sababu ya kabila lake, akiwa na mtoto mchanga. Huyo aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, kwa woga wa kutuudhi sisi Waislamu. Mama alipomaliza kusali alasiri alimgeukia.

“Imba kwa nguvu, sha, rafiki yangu! Mi niko hapa karibu na sisikie kitu, Mungu naye atasikia je?”

Yule mama alicheka mpaka mtoto akaamka.

Msimu wa mvua paa likavuja, na tone likachagua paji la uso la mtoto yule yule. Wanaume walibishana nani apande. Walipokuwa bado wanabishana, nilikwea ngazi. Nilisikia chini mzee mmoja akilalamika kwamba msichana juu ya paa ni mkosi, nikamwacha alalamike.

Huko juu nilipiga magoti nikakagua. Mabati yalikuwa mepesi na yameshikizwa kwa shida. Niliweza kuyainua kwa mkono mmoja. Mbao chini yake zilikuwa nyembamba. Haukuwa uzembe wa fundi. Ghala la baruti hujengwa hivyo kwa makusudi: kikilipuka kilichomo, paa liruke, nguvu ipande juu, na kuta ziwakinge walio nje. Sisi sasa ndio tulikuwa ndani, na mabomu ya milimani huanguka kutoka juu. Niliziba tundu, nikashuka, nikamvuta Mama mpaka dukani kwetu, ambako stoo ya nyuma ilikuwa na dari la zege.

“Mama, usirudi tena mule,” nilimwambia, karibu kumfokea. “Lile paa ni karatasi. Bomu ikianguka, zile kuta hazitatusaidia kitu. Tukae hapa.”

Alikuwa anakunja kitenge. Aliendelea kukikunja.

“Mi najua, mutoto wangu. Ni baba yangu alipigilia yale mabati, wakati wa Wabelgiji. Walimukataza kukaza misumari. Alikuwa anarudi nyumbani anacheka, eti Wazungu wananilipa nifanye kazi mubaya.”

Hasira ilinipanda. Alijua, na bado alikuwa amewaita watu wote wale, na mimi mwanawe. Nilidhani atanijibu kwamba kifo cha wengi harusi, nikajiandaa kumkatiza.

“Bomu inaweza kuja, inaweza kukosa kuja,” alisema. “Lakini wale wenye bunduki, wenye kupita nyumba kwa nyumba wanauliza kabila, wanakuja kila siku, we mwenyewe umewaona. Mutu akiwa peke yake kwake, wanamutoa, na hakuna mwenye kuona. Mule tuko wote. Wakimutaka yule mama wa Ngagara, watatukuta sisi wote mbele yake. Ukiwaambia habari ya paa, kesho kila mutu atabaki kwake.”

Nilimtazama mama yangu, mwanamke mfupi wa kilemba cha kijani, nikampenda na kumwogopa kwa pamoja. Kabla sijamjibu, mlio wa kwanza ukasikika upande wa Kinama. Alifunga duka, nikamfuata.

Ndani, jirani yangu alikuwa amekwisha kutandika. Alinisogezea nafasi, akatazama juu pale palipokuwa panavuja.

“We ndiye umefika kule juu,” alisema. “Niambie kweli, dada. Ile paa iko nguvu?”

Mama alikuwa anagawa wali, hakugeuka.

“Iko nguvu sana,” nikasema. “Mulaze mutoto.”

Akamlaza katikati yetu, nami nikajinyoosha upande wangu, mkono wangu juu ya kichwa chake.