Mchumba Wangu Alichukua Damu ya Mama Mkubwa

Admin, jina langu libaki kwako tu. Mimi ni binti wa miaka 29, fundi cherehani hapa Miyuji, Dodoma, ila kwetu hasa ni Busi, Kondoa. Nina mchumba anayefanya kazi maabara kwenye zahanati moja hapa mjini. Posa imeshapita, ndoa ni baada ya mavuno. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Hata nikisalimiwa vizuri kupita kiasi huwa najiuliza huyu anataka nini.

Mama yangu ameanza kusahau. Ni mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, vidonge anameza kila siku, na nyama na maziwa aliacha zamani kwa sababu majirani walimwambia vinapandisha sukari. Mwanzoni alikuwa anatia chumvi kwenye mboga, akigeuka anatia tena, tukawa tunamtania. Kisha akaanza kuuliza kama baba amerudi mnadani. Baba tulimzika nikiwa bado nasoma. Hapo utani uliisha.

Sasa kwetu, kabla ya ndoa, upande wa mwanamume huchunguza ukoo wa binti. Hawaji wakasema wamekuja kuchunguza. Wanakuja kama wanunuzi wa ufuta, wanakaa kwa jirani, wanauliza taratibu kama kwa fulani kuna kifafa au wazimu. Baba mdogo, ambaye ndiye walii wangu, yaani atakayeniozesha, akaogopa. Akaamua mke wake atambulishwe kama mama yangu, na mama mzazi aitwe mama mkubwa. Nilipolalamika akaniambia, "Uongo uko wapi? Mke wangu si mama yako? Na shemeji si mkubwa kwake?" Nikafuata alivyotaka.

Mchumba alipokuja Busi kusalimia, alibeba vifaa akasema atawapima wazee sukari. Wengine wote aliwatoboa kidole, basi. Alipofika kwa mama akamtoboa kidole, halafu akamwambia, "Mama mkubwa, naomba na ya mkononi kidogo." Mama akasema, "Chukua tu, baba." Akavuta damu kwenye mshipa, akajaza kichupa, akakiweka kwenye kiboksi chenye barafu. Kupima sukari hakuhitaji kichupa, hilo nalijua. Na kwa nini yeye peke yake?

Baada ya hapo simu zake zikawa fupi. Mara shangazi yake, ambaye hakuwahi kunipigia, akanipigia na kuuliza, "Na yule mama mkubwa wenu anaendeleaje?" Nikajua yameshatoka. Nikaona wamemtuma kijana wao achunguze ukoo kwenye damu, kwa sababu majirani hawakusema kitu.

Nilimfuata kazini nimevimba. Nikamuuliza, "Ile damu ulichukua kwa ajili ya nani?"

Hakukasirika. "Kwa ajili yake. Nilimwona anatembea kama miguu haisikii ardhi, na kila nikikaa ananiuliza jina. Zile dawa za sukari mtu akizimeza miaka mingi zinaweza kushusha vitamini B12, na yeye hali nyama wala hanywi maziwa. Daktari wetu ameona iko chini sana."

Akanieleza kwamba vitamini hiyo ikipungua sana, ubongo na mishipa ya fahamu huumia, mtu anasahau mpaka unadhani ni ule ugonjwa wa ubongo wa wazee. Sukari ikikaa juu miaka mingi nayo huongeza hatari ya ugonjwa huohuo. Lakini damu peke yake haitoi jibu la mwisho, lazima daktari amwone. Akianza sindano mapema, huenda kumbukumbu nyingine zikarudi. Akicheleweshwa, kilichoharibika kinaweza kisirudi tena.

Halafu akanitazama. "Daktari anataka aje na mtoto wake, amweleze hali ilianzaje. Hivi yule mama hana hata mtoto mmoja?"

Nikamjibu nitaulizia. Nilisema hivyo kuhusu mama aliyenizaa, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Mpaka leo sijui kama aliuliza kwa kutojua au alikuwa ananitega.

Baba mdogo anasema mama avumilie mpaka ndoa ipite. "Ukisema sasa wataona tumewadanganya, na watasema ugonjwa uko kwenye damu yenu." Msiniambie nimtoe kimyakimya, maana mama anaishi kwake na amekataza asitoke. Na usiku nami najiuliza, kama ni ule ugonjwa wenyewe, je, na mimi ninao?

Ijumaa iliyopita nilikwenda kumwona. Siku hizi nyumba nzima inamwita mama mkubwa, ili ulimi usije ukateleza mbele ya wageni. Na mimi nikamwamkia kwa jina hilo. Akaitikia marahaba, akanishika mkono vizuri tu, akaniuliza, "Mama yako hajambo?"

Sijui kama ule ni ugonjwa au ni sisi tuliomfundisha. Nimwambie mchumba ukweli, ndoa ivunjike kama ni ya kuvunjika, au nisubiri mavuno huku mama anazidi kupotea? Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Ila msichelewe kunijibu.