Asante ya Mwalimu Nélida

Nélida Bonfiglio hakujua kukaa. Jumapili ile nzima alizunguka kwenye nyasi za klabu ya ndege ya Villa Ombú, akitazama soksi ya upepo juu ya mlingoti wake, akipiga teke magurudumu yasiyo na kosa, akifungua mlango wa banda na kuufunga. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewafundisha wakulima, wenye maduka, hata padri mmoja, kurusha ndege kwa raha zao tu, na wote walimkumbuka kwa somo moja.

Somo lenyewe lilianzia kwenye mate. Si haya ya kinywani, jamani. Ni ile chai chungu ya kwao, inayozungushwa kwa kibuyu kimoja na mrija mmoja. Anayerudisha kibuyu kimya ataongezewa. Akisema "asante," basi, ametosheka.

"Na kuruka ni hivyo hivyo," aliwaambia. "Siku umechoka, umegombana na mkeo, au wingu limekuzidi, niambie asante na unirudishie ufunguo. Atakayekucheka mlete kwangu."

Lakini mganga hajigangi. Miaka yote hiyo, mwenyewe hakuwahi kuisema.

Asubuhi ile alipanda na Gastón Zubeldía, daktari wa mifugo, mwanafunzi wa majuzi tu. Wakati wa kutua Nélida alishika usukani ili amwonyeshe namna ya kuukabili upepo wa ubavuni. Uwanja ukamjia na ukungu.

"Mwalimu, waya!" Gastón alipiga ukelele, akavuta usukani mwenyewe. Wakaupita ua wa waya wa ng'ombe kwa nafasi ndogo sana.

Walipotua, Gastón hakumwambia mtu. Hilo ndilo lililomtafuna Nélida. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu tangu kabla ya mavuno ya ngano, naye alijidanganya kuwa ni vumbi. Na saa kumi jioni alikuwa ampandishe Delfina, binti anayefanya kazi posta, kwa mara ya kwanza. Asipompandisha leo, je, kesho atakuwa nani? Nyumbani kulikuwa na paka na redio. Aliogopa, aliogopa kweli.

"Wewe mama, kaa basi!" fundi Evaristo alimpigia kelele kutoka kwenye jiko la nyama. "Umekalia siafu?"

"Geuza mbavu zako, mzee, zinaungua!"

Delfina alikwisha kufika, kofia mkononi, midomo imemkauka. "Mwalimu, mimi naogopa. Ni kosa?"

"Kuogopa si kosa, mwanangu. Kosa ni kunyamaza."

Neno lilimtoka kwa mazoea, kisha likamgeukia. Gastón ndiye aliyekuwa akimimina mate, na alikuwa akimtazama. Akampa kibuyu. Nélida akanyonya mpaka mrija ukakoroma, akaingiza mkono mfukoni, akamrudishia kibuyu na ufunguo wa ndege pamoja.

"Asante," alisema.

"Asante ya nini?" Evaristo alicheka. "Si umekunywa kimoja tu!"

Kisha akauona ufunguo kwenye kiganja cha Gastón, kicheko kikamfia mdomoni. Delfina akamsogezea kiti, na Nélida akakaa.