Bei ya Petroli na Soksi za Shemeji

Jioni tuliyokwenda kumfumania mume wa dada yangu, hatukumkuta na mwanamke.

Tulimkuta na wanaume kumi.

Wote tai shingoni. Wote wamekunja suruali hadi magotini. Wote wametumbukiza miguu kwenye mabeseni ya maji, wametulia tuli kama watoto wanaosubiri kukatwa kucha.

Nisiwakimbize. Ngoja nianzie kwenye soksi.

Mimi na mwanangu tunaishi chumba cha uani nyumbani kwa dada. Mwanangu hata mwaka hajafikisha, lakini mtaa mzima unamwita Bosi, kwa sababu akilia kila mtu anasimama wima. Nikienda darasa la jioni, dada ndiye anayebaki naye. Bila dada hakuna masomo, na bila masomo mimi nabaki yule yule aliyeishia njiani.

Kwa hiyo siku dada aliposema anamwacha mumewe, mimi ndiye niliyetokwa na kijasho chembamba.

"Ana mtu," aliniambia. Alikuwa anamenya viazi kana kwamba viazi ndivyo vilivyomkosea.

"Nani, shemeji? Huyu huyu Mheshimiwa wetu?"

Jina la Mheshimiwa alipewa na mtaa kwa ajili ya gari lake jeupe. Si jipya, ila analifuta mpaka unaweza kujipaka wanja ukijitazama mlangoni. Yeye ni mkuu wa stoo kwenye kampuni ya mabomba, lakini akishuka kwenye lile gari na tai yake, utadhani kampuni ni ya babake.

"Anafua soksi mwenyewe," dada akasema.

Nikaangua kicheko.

"Usicheke! Mwanaume ambaye miaka sita hajafua hata leso, leo anafua soksi, tena anaimba! Kanunua marashi ya kwapa. Mkanda kautoboa tundu jipya, kapungua. Akirudi anakula kama mbeba mizigo, akigusa mto tu, kazima kama simu. Sasa niambie wewe uliyesoma: nguvu zake anaziacha wapi?"

Kicheko kikanikauka. Ushahidi ulikuwa mzito, jamani.

"Nimeshampigia shangazi. Ijumaa anakuja kunichukua. Begi liko chini ya kitanda."

"Dada, leo ni Jumatatu. Nipe siku tatu. Nitamfuata."

Hicho ndicho kipindi ambacho petroli ilikuwa imepanda mara ya tatu, na kila kitu kikadandia mgongoni mwake. Muuza duka alianza kukata mche wa sabuni vipande sita badala ya vinne. Muuza nyanya akapunguza fungu mpaka likawa nyanya mbili zinazotazamana.

Hata kinyozi alipandisha.

"We kinyozi, mashine yako si inatumia umeme?" nilimuuliza nilipompeleka Bosi. "Petroli inaingia wapi hapo?"

"Mimi mwenyewe natumia nyanya," akanijibu. "Na nyanya haziji kwa miguu."

Mwalimu wetu wa jioni aliandika ubaoni "mfumuko wa bei", akachora lori, mshale, nyanya, mshale, kichwa kilichonyolewa nusu. Darasa zima tukacheka. Halafu tukaacha kucheka, wote kwa pamoja.

Mtaani kwetu magari yalifunikwa maturubai, moja baada ya jingine. La Mheshimiwa tu ndilo lililonguruma kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Majirani walichungulia dirishani wakitikisa vichwa.

"Huyo ndiye mwanaume," walisema.

Jumanne asubuhi nilimfunga Bosi mgongoni, nikasimamisha pikipiki.

"Fuata lile gari jeupe!"

Dereva akanitazama juu mpaka chini. "Kufuata gari ni bei nyingine. Ukifuata hujui unaishia wapi, na mafuta yamepanda."

Nikakubali. Tukaondoka kwa kasi. Sijamaliza hata kukaa vizuri, pikipiki ikasimama.

"Nini tena?"

"Gari lako limeingia pale."

Hatukwenda hata kilomita moja. Na hela akachukua yote!

Pale penyewe ni karakana ya kupasua mbao. Mashine yake inakunywa dizeli, na dizeli iliposhindikana, mwenyewe akafunga. Kimebaki kiwanja kikubwa chenye uzio wa mabati, na mlinzi mmoja mzee wanayemwita Kamanda.

Nikajibanza nyuma ya rundo la magogo. Nikajiambia, mwanamke atatokea sasa hivi.

Kilichotokea ni raba.

Shemeji alifungua buti la gari, akatoa raba, akavaa. Viatu vyake vya ofisini akavitia kwenye mfuko wa plastiki. Ncha za suruali akazichomeka ndani ya soksi. Pembeni yake magari mengine kumi yalikuwa yamejipanga, na kila mwenye gari alikuwa anafanya hayo hayo.

"Mheshimiwa, leo umechelewa," mmoja akamtania.

"Foleni," shemeji akajibu.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakampa Kamanda funguo, wakapanga mstari waanze safari ya mjini, kwa miguu, kila mtu na mfuko wake wa viatu.

Ningeondoka kimya kimya. Ila Bosi alimuona baba yake mkubwa, akapiga ukelele wa furaha uliozibua masikio.

Shemeji akaganda.

"Shemeji!"

"Shemeji," nikajibu, nikitoka kwenye magogo na maranda ya mbao nywele nzima.

Alinivuta pembeni. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

"Mafuta ya wiki sasa yanaisha siku mbili. Nipunguze wapi? Hela ya chakula siwezi kugusa. Nauli ya pikipiki ya dada yako? Siku namuoa nilimwambia hatatembea juani tena. Mwanaume akisema hilo anarudi nalo wapi? Basi natembea mimi."

"Kwa nini usimwambie tu?"

"Nimwambie nimeshindwa?" Akafuta jasho, na safari yenyewe bado hajaianza. "Niapie hutasema."

Nikaapa. Mjinga mimi!

Alhamisi asubuhi dada alilitoa begi chini ya kitanda.

"Kesho shangazi anafika. Haya, umeona nini?"

"Sijaona mwanamke."

"Sijakuuliza hujaona nini. Umeona nini?"

Nikababaika. Nikamtazama Bosi, naye akanitazama mimi. Dada akapiga makofi mara moja.

"Hata wewe kakununua! Mdogo wangu mwenyewe, niliyekulea!"

Machozi yalimlengalenga, na hapo nikashindwa. Kiapo ni kiapo, lakini niliapa kutosema. Sikuapa kutoonesha.

"Leo jioni nitakupitia saluni," nikamwambia. "Utajionea mwenyewe."

Dada ni msusi, saluni yake iko upande wa pili wa mji. Saa kumi jioni nilifika, nikamsubiri amalize kichwa cha mwisho.

"Tupande pikipiki," nikasema. "Tutapita karakana ya mbao, ni mbali."

"Pikipiki ya nini?" Dada alikuwa ameshainama, anatoa raba kwenye droo la mataulo. "Kuna njia nyuma ya reli. Dakika hamsini tu."

Akatoka. Jamani, mwendo ule! Mimi ninayejiita kijana nilikuwa nakimbia, Bosi anarukaruka mgongoni akicheka kama yuko kwenye bembea.

Kwenye kona ya reli tuliwakuta wanawake wanne wamesimama, nao na raba zao.

"Kepteni! Leo umechelewa!" akaita mmoja, nesi, bado yuko na sare.

Nikamgeukia dada. "Kepteni?"

Dada akakohoa. "Tembea."

"Dada, tangu lini?"

"Tangu mafuta yapande mara ya kwanza. Mwezi wa nne huu."

"Na ile nauli anayokupa kila asubuhi?"

Hakusimama. Alijibu akiwa ananipa mgongo.

"Inaingia kwenye sufuria. Hela ya chakula anayoniachia ni ile ile ya mwaka jana. Mchele, mafuta ya kupikia, maziwa ya huyo mwanao, unadhani vinadondoka mbinguni? Nimwambie haitoshi? Anavyojikaza vile, nimvunje moyo? Kumbe yeye anajikaza kwa mwingine!"

Nilikaa kwenye reli. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Unacheka nini, wewe?"

"Dada yangu," nilisema, nikijifuta macho, "tembea tu."

Bahati mbaya wale wanne walisikia neno "mwingine". Wakataka maelezo, dada akatoa. Nesi akavua hereni, akazitia mfukoni.

"Ni wapi?" akauliza. "Nina dakika kumi za kupigana, halafu niwahi watoto."

Tukaingia karakana kwa mlango wa nyuma kama askari. Kamanda alijaribu kutuzuia, akasukumwa kwa mkoba.

"Mwanamke yuko wapi?" dada alifoka.

"Mwanamke?" Kamanda akashangaa. "Mama, hapa hata kuku jike hatuna!"

Na mbele yetu ndipo walipokuwa. Wanaume kumi na mmoja na mabeseni kumi na moja, wanatoa vumbi miguuni kabla ya kuingia kwenye magari na kurudi nyumbani kwa heshima zao.

Mmoja akajaribu kujifunika uso kwa taulo. Amechelewa. Nesi alishamtambua kwa kitambi.

"Baba Pacha! Si umeniambia uko kwenye kikao?"

"Mke wangu," yule bwana akasema kutoka ndani ya taulo, "hiki ndicho kikao."

Shemeji alikuwa amesimama ndani ya beseni lake. Povu mguuni, tai shingoni. Akaitazama miguu ya mkewe. Raba zimejaa vumbi jekundu la reli.

"Unatembea?" akauliza.

"Na wewe unatembea?"

"Na nauli yako je?"

Ile hasira yote ilikuwa imemwishia dada usoni, ikabaki aibu kidogo, na kitu kingine ambacho nilikuwa sijakiona kwake tangu siku ya harusi.

"Uliila Jumapili," akasema polepole. "Ukaila na jana. Na leo asubuhi ukaomba uongezewe."

Yaani shemeji alikuwa anatembea ili mkewe apande pikipiki. Mkewe anatembea ili mumewe ashibe. Na mumewe anakula zaidi kwa sababu ya kutembea! Miezi minne mtu alikuwa anakula petroli yake mwenyewe, tena na chumvi.

Aliyeanza kucheka ni shemeji. Alicheka mpaka akapoteza mizani, beseni likapinduka, maji yakatuloweka wote. Dada akamshika asianguke, naye akaanza. Nesi naye. Kamanda alikaa chini kabisa akapiga ardhi kwa rungu lake.

Miezi minne walipishana pale pale, maana njia ya reli inapita nyuma ya ule uzio: shemeji ndani, dada nje. Bati moja tu katikati.

Shangazi alikuja Ijumaa hivyo hivyo. Alisema nauli ya siku hizi haiwezi kupotea bure, kwa hiyo kama hakuna ugomvi, angalau apikiwe. Akakaa siku nne.

Tangu hapo dada na shemeji wanaondoka pamoja asubuhi, mkono kwa mkono, mbele ya majirani wote. Wiki ya kwanza mtaa ulinong'ona. Wiki ya tatu majirani sita wakawa nyuma yao. Gari linatoka Jumapili tu, tukienda kuwaona wazazi, na tunajibana humo hadi hewa inaomba nafasi.

Mimi nimebakiza mtihani mmoja.

Sasa sikieni hili la wiki iliyopita.

Nilikuwa njiani kutoka dukani nikasikia taarifa ya habari: petroli imeshuka! Imeshuka kweli kweli! Nikakimbia mpaka nyumbani na Bosi kwapani.

"Dada! Dada! Petroli ime..."

Kiganja kikaniziba mdomo.

"Nyamaza," dada akaninong'oneza. "Asije akasikia."

Shemeji akatokea sebuleni, ameshavaa raba. Akaangalia angani kama mtu anayesoma bei mawinguni.

"Naona mafuta bado yako juu," akasema.

"Juu sana, mume wangu."

"Redio nayo imekufa tangu jana. Hata habari hatupati."

"Si kitu. Twende zetu."

Wakaondoka. Nikaingia ndani, nikaichukua redio. Nzima kabisa, ila haina betri. Nilizikuta betri kwenye kopo la sukari, zimefungwa ndani ya soksi ya shemeji.

Nilichojifunza ni hiki, ndugu zangu. Bei ikipanda, watu wa nyumba moja huanza kufichana shida ili wasiumizane, na kule kufichana ndiko kunakogharimu kuliko petroli. Karibu dada yangu aondoke kwa mwanaume anayempenda, na ambaye naye anampenda vile vile. Kaeni chini. Semeni: hela yangu inafika hapa, miguu yangu inauma hapa. Hamtachekwa, na mkichekwa mtacheka pamoja.

Ila hilo la betri, tafadhali, msimwambie dada.