Mawe Aliyozika Mama Rogathe

Upepo wa Agosti mwaka jana uling'oa kitalu nyumba cha Skolastika, Mama Rogathe, pale Sigino. Nailoni ilikutwa imenasa kwenye miti ya jirani, nguzo zake za mirunda zimelalia nyanya zilizokuwa zimeanza kuiva. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamkumbuka marehemu baba yake, mzee Anselmi.

Mzee alikuwa akijenga mabanda ya ndama huko Mbulu, juu mlimani ambako upepo haupumziki. Kabla ya kusimamisha nguzo, alichimba mashimo manne, akazika mawe makubwa yaliyofungwa kamba za ngozi. Skolastika, wakati huo yuko darasa la sita, mdomo mwepesi, alimcheka: "Baba, unazika mawe kama maiti?"

Mzee naye akacheka, akaendelea kuchimba. "Upepo hausukumi tu, mwanangu. Unanyanyua."

Mwaka huu Skolastika alimwita fundi Adrian kutoka Bagara ajenge kitalu upya, akamwonyesha pa kuchimba.

"Shikamoo, Mama Rogathe. Mashimo ya nini tena? Misumari inatosha."

"Marahaba. Mwaka jana ilitosha?"

Adrian akachimba mpaka usawa wa kiuno. Wakazika mawe, wakayaunga na mirunda kwa waya, wakafukia na kushindilia. Nailoni wakaibana kwa papi, vipande vyembamba vya mbao, kingo zake wakazifukia kwenye mtaro waliouchimba kuzunguka kitalu.

Upepo ulikuja Jumanne, saa nane mchana, Adrian akiwa bado anamalizia mlango. Ukaingia kitaluni kwa mkupuo mmoja, nailoni ikavimba kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba majani mabichi.

"Funga, fundi! Funga!"

Wakauegemea mlango kwa mabega mpaka komeo likaingia. Skolastika akashika nguzo kwa kiganja. Ilitetemeka, lakini haikupanda. Kona moja tu ilichanika, urefu wa mkono.

Kulipotulia, Adrian alijifuta vumbi usoni. "Mama, mambo haya ulisomea wapi?"

"Kwa baba yangu." Siku zote alidhani ipo siku atapanda Mbulu kumshukuru mzee kwa mambo mengi, na siku hiyo ikachelewa.

Wakaketi kuziba ile kona, naye akasimulia: jinsi nyumba yao ilivyonukia moshi na maziwa, jinsi mzee alivyombeba mabegani asubuhi za matope, akamtua hatua chache kabla ya shule ili wenzake wasimwone amebebwa, kisha akasimama palepale mvuani mpaka kengele ilie.