Moto Hauli Zebaki

Nilirudi Chunya na shahada ya kemia na begi la nguo chafu. Kazi hakuna, nikafikia kwa shangazi yangu, ambaye hununua mchanga kwa wachimbaji na kunasa dhahabu iliyobaki humo kwa zebaki. Kidonge cha zebaki na dhahabu alichopata, cheupe kama fedha, alikichoma jikoni, kwenye kikaango kilekile cha mayai, mpaka dhahabu ibaki peke yake. Nje hakutaka, kwa sababu ya macho ya majirani.

Binti yake, mjamzito wa miezi sita, alikaa hapohapo akimenya viazi.

"Shangazi, huo moshi ni sumu."

"Ndiyo maana tunakunywa maziwa," alisema, akamsogezea binti yake kikombe.

Machimboni wote wanaamini hivyo. Kila niliyemuuliza maziwa yanafanya nini alinitajia mwingine aliyemwambia.

"Na zebaki inakwenda wapi?"

"Inaisha. Moto umeila."

Hapo shahada yangu ikapata kazi yake ya kwanza. Nikamweleza kwamba zebaki ni elementi, moto hauwezi kuimaliza. Kila atomu yake ina protoni themanini, na hata ikigeuka mvuke zinabaki themanini. Dhahabu ina sabini na tisa.

"Yaani zimepishana moja?"

"Moja tu."

"Basi itoe hiyo moja, mwanangu, tuache kuhangaika na mchanga."

Binti akacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi.

"Wewe umeziona hizo protoni?" shangazi akauliza.

"Hapana."

"Mchungaji naye hajamwona malaika. Lakini yeye angalau ana suti."

Iliniuma kwa sababu alisema kweli. Chuoni nilihoji kila kitu, mpaka ubatizo wangu, ila jedwali la elementi nililimeza kama dawa ya minyoo.

Kesho yake nikamwomba kidonge kimoja. Nikabeba jiko la mkaa hadi nyuma ya banda la kuku, nikafunika kikaango kwa bakuli la bati, juu yake kitambaa kilicholowa, kisha nikasimama mbali, upepo ukinitokea mgongoni. Vilipopoa nikafunua. Ndani ya bakuli vitone vyeupe vilikuwa vikikimbizana.

Nikampelekea shangazi jikoni. Akaliinamisha bakuli, vitone vikaungana.

"Haikuisha," alisema.

Binti yake aliangalia juu, bati la paa la jikoni, jeusi kwa moshi wa miaka, akashika tumbo. "Mama, na ile yote ya zamani?"

Nilikuwa na jibu sahihi. Nikalimeza.

Shangazi akaenda kutundika kikaango bandani. Jioni mayai yalikaangwa kwenye sufuria, yakashika. Kabla wiki haijaisha, binti alipelekwa Mafinga kwa mumewe, fundi seremala, akavute vumbi la mbao.

Nilifungua mdomo niseme kitu kuhusu vumbi. Shangazi akanitazama, nikaufunga.