Alikunywa Chai, Hakula

Siku yangu ya kwanza kwenye bloc, yaani chumba cha upasuaji, Major, mkuu wetu wa wauguzi, hakunipa hata kiti. "Docteur anapasua, weye unachunga pumuzi," aliniambia. "Pumuzi ikipotea, kisu habataulizia. Njo weye bataulizia." Nilikuwa na diploma mpya na kiburi kingi, nikadhani mzee anapenda tu kutisha watu.

Nikatoa nusukaputi miaka mingi, kwanza Sakania, peke yangu na mashine moja ya kunyonya matapishi, kisha nikarudishwa Lubumbashi. Kazi niliijua, sioni haya kusema. Mgonjwa sharti awe à jeun, tumbo tupu, maana akishalala, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Basi kila mmoja nilimuuliza kama amekula, nikaandika jibu kwenye fishi, karatasi yake ya matibabu.

Mama mmoja wa Kasungami, aliyekuja kupasuliwa ngiri, alinijibu, "Hapana mama, siyakula." Nikaandika: à jeun. Kumlaza tu, akatapika chai. Nilinyonya, nikaingiza bomba kooni, nikamwomba Mungu kwa sauti. Aliponea chupuchupu, lakini siku kumi mashine ndiyo ilimpumulia. Mumewe akanishtaki parke, kwa waendesha mashtaka.

Daktari mkuu akaniita. "Ongeza mu fishi ya kama ulimuuliza na chai. Nani atajua?"

"Miye nitajua, docteur."

Niliogopa sana. Diploma yangu ilikuwa hatarini, na jela pia. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Sikuongeza hata nukta.

Mbele ya magistrat wa parke, mume aliulizwa kama mkewe alikuwa amekula. Akawaka. "Hakukulaka! Alikunywa tu chai na mikate mbili."

Wakili wangu akatabasamu, kesi ameshinda. Mjini kwetu, bila bukari, ugali wetu, mtu hajala. Nami nimezaliwa hapa hapa, nilipaswa kujua! Nikasimama. "Baba, bibi yako hakudanganya. Miye njo niliuliza vibaya. Unisamehe." Wakili alinikanyaga mguu, lakini nilikwisha sema. Wiki ile ile mume akaondoa mashtaka.

Nilipokuwa Major mwenyewe, vijana wangu waliwauliza wagonjwa hivi: "Tangu jana mangaribi, nini ilipita mu kinywa?" Nimestaafu nikijivunia swali hilo kuliko medali.

Yule mama alikuja kunisalimia nyumbani mwezi uliopita. Nikamwekea chai, mikate na siagi. Alimaliza vyote, akajipangusa mdomo, akaniuliza kwa upole, "Mama, leo hatutakula?"

Nilicheka hadi machozi, nikaenda kumpikia bukari.